Nilivyowafundisha wanafunzi wa lugha kusikiliza kwa mwili

Wanafunzi wangu wengi hunijia sarufi wakiwa nayo tayari. Ni watu wazima, lugha zao za kwanza ni tofauti, na mtihani wa kuandika wanaufaulu vizuri. Taabu huanza wanapokaa wawili wawili kuzungumza. Mmoja anatoa sentensi yake hadi nukta ya mwisho huku macho yako kwenye daftari, kisha ananyamaza. Mwenzake muda wote huo alikuwa anapanga jibu kimoyomoyo, naye sasa analitoa. Hakuna anayeitikia, hakuna anayedakia, hakuna ambaye uso wake unasema ameshtuka au hakuelewa. Sentensi zote ni sahihi, na mazungumzo hayapo. Ndiyo maana niliamua kuiingiza lugha ya mwili kwenye ratiba yangu kama ulivyo msamiati, iwe na mazoezi yake na alama zake.

Nilipotafuta vifaa vya kufundishia nilikuta sana orodha za ishara na nchi zake. Bulgaria kutikisa kichwa upande hadi upande ni kukubali, na kukiinua ni kukataa. Japani mtu huitwa kwa kiganja kinachotazama chini, na mgeni hudhani anafukuzwa. Duara la kidole gumba na cha shahada Marekani ni "sawa kabisa", Brazili ni tusi. Wanafunzi wanazipenda orodha hizi, nami nazitumia kuwachangamsha, lakini hazipewi zaidi ya kipindi kimoja. Mwaka 1969 Paul Ekman na Wallace Friesen waliigawa miondoko ya mwili katika makundi matano, na ishara zinazosimama mahali pa neno ni kundi moja tu kati ya hayo. Kuna inayochora kile kinachosemwa, kuna inayoongoza zamu za wazungumzaji, kuna inayoonyesha hisia, na kuna ile ya kujikuna na kuchezea kalamu. Mtu anaweza kuishi ugenini mwaka mzima asihitaji kutengeneza duara la vidole. Miondoko ya kuongoza zamu anaihitaji kabla hata hajamaliza kusalimiana. Nguvu zangu nikazielekeza huko.

Nilianza na video bila sauti. Nachukua kipande kifupi cha tamthilia katika lugha tunayojifunza, watu wawili wanazungumza, naizima sauti. Siulizi wanasema nini. Nauliza nani mwenye kauli kati yao, nani anataka kuondoka, na ni wapi mambo yalipobadilika. Kila jibu lazima lije na ushahidi wake. Mtu akisema "huyu anataka kwenda zake", namwuliza ameona nini, na jibu ninalolisubiri ni kama hili: uso bado unamtazama mwenzake lakini miguu imeshageukia mlango. Hapo msamiati unakuja wenyewe, kukunja uso, kupandisha mabega, kuegemea, kuinamisha macho, kwa sababu sasa wanauhitaji.

Ubaoni nachora mstari katikati. Upande mmoja kilichoonekana, upande wa pili kinachodhaniwa. "Amekunja mikono" huenda kushoto. "Amekasirika" huenda kulia, na kando yake tunaandika sababu nyingine zinazowezekana: anasikia baridi, kiti hakina pa kuegesha mikono, amezoea kukaa hivyo. Naisimamia kazi hii kwa ukali kuliko yoyote nyingine, kwa sababu mtu akishaaminishwa kwamba mkao mmoja una maana moja, ataingia katika jamii ngeni akiwa na hukumu mkononi. Sauti naifungulia mwishoni, na mara nyingi maneno huonyesha kuwa dhana ya upande wa kulia haikuwa sahihi. Tunazungumza kwa nini.

Zoezi lililobadilisha darasa langu zaidi, hata hivyo, linamhusu msikilizaji. Nililitoa katika utafiti wa Janet Bavelas na wenzake wa Kanada, uliochapishwa mwaka 2000. Walimtaka mtu amsimulie mwenzake tukio ambalo nusura limdhuru. Baadhi ya wasikilizaji walipewa kazi ya siri, kubonyeza kitufe kila wanaposikia neno linaloanza na herufi t. Wasimuliaji wao walisimulia vibaya, hasa mwishoni, pale ambapo kisa kilipaswa kupanda. Walikatakata maneno, wakazunguka, wakaanza kueleza kwa nini jambo hilo lilikuwa la hatari. Msikilizaji aliyekuwa anawaza herufi hakuwa anatoa yale mapokeo madogo ambayo msimuliaji huyategemea bila kujua.

Darasani nilifanya vivyo hivyo, bila kitufe. Nilimchagua mwanafunzi anayesema kwa ufasaha kuliko wote, asimulie jinsi alivyonusurika kugongwa na gari. Mwenzake nilikuwa nimemnong'oneza ahesabu herufi. Mwanzo ulikwenda vizuri: mkono wa kushoto ulikuwa barabara, wa kulia gari, na vyote viwili tuliviona. Alipofika pale gari linapotokea kwenye kona akamtazama msikilizaji, akakuta uso mtupu. Akarudia sentensi. Akasema, "Yaani lilikuwa karibu sana, unaelewa?" Akarudia tena kwa sauti ndogo zaidi. Mikono ikashuka mapajani, na kisa kikaishia kwenye "basi, ndivyo ilivyokuwa".

Nikamwondolea msikilizaji ile kazi, nikamwomba msimuliaji aanze upya. Safari hii msikilizaji aliinama mbele, na gari lilipotokea akavuta pumzi na kuziba mdomo kwa kiganja. Msimuliaji aliongeza maelezo ambayo mara ya kwanza hakuyatoa kabisa, na sarufi yake yenyewe ilikuwa bora. Darasa lote liliona. Baada ya hapo ndipo niliwaeleza siri na utafiti, na sikuhitaji tena kumshawishi mtu yeyote kwamba kusikiliza ni kazi ya lugha. Msimuliaji naye nilimweleza mbele ya wote kwamba lile pengo halikuwa lake, maana mtu hujisikia vibaya asipojua kilichomtokea.

Kutokana na zoezi hilo tulitenganisha mapokeo ya aina mbili. Kuna ya jumla, kama kuitikia kwa kichwa na "mm", ambayo husema tu kwamba nipo, endelea. Kuna mahususi, yanayofuata kisa chenyewe: kukunja uso pale maumivu yanapotajwa, macho kupanuka, tabasamu linalokuja kabla kichekesho hakijaisha. Wanafunzi wa lugha hukwama kwenye aina ya kwanza, na wengi huitikia kwa kichwa hata pale wasipoelewa. Hilo ni la hatari, kwa sababu mzungumzaji hupewa ruhusa ya kuendelea na mtu ameshapotea. Nilitenga muda wa kufanya mazoezi ya kuonyesha "sijaelewa" bila kumkatiza mwenzio: nyusi zinashuka kidogo, kichwa kinainama upande, kuitikia kunasimama. Kinachofanya kazi zaidi katika hivyo vitatu ni kule kusimama.

Kisha zamu. Utafiti uliolinganisha lugha 10, uliochapishwa mwaka 2009, ulionyesha kwamba katika maswali na majibu pengo kati ya mtu mmoja kumaliza na mwingine kuanza ni kama sehemu ya tano ya sekunde kwa wastani, na lugha moja na nyingine hupishana kidogo tu. Mjifunzaji haiwezi kasi hiyo, na si haki kumdai. Mwili unaweza kumshikia nafasi wakati anatafuta neno. Starkey Duncan alieleza mwaka 1972 kwamba mkono unaoendelea na ishara huwazuia wengine kuchukua zamu. Kwa hiyo niliwafundisha kuuacha mkono hewani wanapofikiri, na kutoutua mezani mpaka wamalize. Niliwafundisha pia kuvuta pumzi ya kusikika na kuinua kidevu wanapotaka kuingia, badala ya kungoja kimya kikamilike, maana katika mazungumzo ya watu watatu kimya hicho hakiji. Kwa wenye aibu hii ilikuwa nafuu kubwa. Walikuwa wanadhani tatizo lao ni ujasiri.

Suala la umbali nalipitia haraka. Vipimo vya Edward Hall vya mwaka 1966, vinavyoweka umbali wa watu wanaofahamiana kati ya sentimita 45 na mita 1.2 hivi, alivipata kwa Wamarekani, na yeye mwenyewe alionya visichukuliwe kuwa vya binadamu wote. Inatosha wanafunzi wasimame, wasogeleane, kila mmoja aseme wapi ameanza kujisikia vibaya. Tofauti ndani ya chumba kimoja inasema yote.

Kuna jambo moja ambalo ningewaomba walimu wenzangu waliache, nalo ni kuwaambia wanafunzi kwamba asilimia 93 ya mawasiliano si maneno. Namba hiyo ilitokana na majaribio ya Albert Mehrabian ya mwaka 1967, yaliyotumia neno mojamoja likitamkwa kwa sauti na sura za aina tofauti, na yalihusu namna tunavyokisia kama mtu anatupenda au hatupendi. Mehrabian mwenyewe amesema haihusu mawasiliano kwa ujumla. Kwa mwanafunzi wa lugha ni namba inayodhuru. Anaweza kuamini kwamba maneno anayoyatafuta kwa jasho ni asilimia 7 tu, au kwamba mikono itamwokoa asipojua msamiati.

Mikono ina kazi nyingine. Mwaka 1998 Jana Iverson na Susan Goldin-Meadow walionyesha kwamba watu waliozaliwa vipofu hutumia mikono wanapozungumza, hata na kipofu mwenzao. Ishara, basi, humsaidia hata mwenye kusema. Tangu niliposoma hilo simwambii mwanafunzi atulize mikono anapotoa hotuba fupi, na kalamu nawaomba waziweke mezani.

Palikuwa na upinzani kwenye macho. Baadhi ya wanafunzi walisema kwao kumkazia macho aliyekuzidi umri ni utovu wa adabu, na hawakutaka kubadilika. Nilikubaliana nao. Kazi yangu ilikuwa wajue jinsi kukwepesha macho kunavyosomwa na wenye lugha tunayojifunza, na wajue kuwa wanaweza kuonyesha usikivu kwa njia nyingine: kuegemea mbele, kuitikia, kurudia neno la mwisho la mwenzao. Kuchagua ni kwao. Sitoi alama kwa mtu kujigeuza mwigizaji.

Alama natoa hivi. Katika mtihani wa kuzungumza wanafunzi huingia wawili, na mmoja anaposimulia, karatasi yangu ni ya yule mwingine. Naangalia mambo matatu: kama anaonyesha anapoelewa, kama anaonyesha anapopotea, na kama anaingia kwenye zamu bila kumwangusha mwenzake. Dakika za mwisho wanageuka, wanakaa migongo imegusana, na kuendelea na maongezi yaleyale kama walio kwenye simu. Aliyekuwa anaitikia kwa kichwa inabidi sasa aitikie kwa sauti, na aliyekuwa anashika zamu kwa mkono aishike kwa "ee…" au kwa kurefusha neno. Nayo hayo nayapa alama.