Kituo gani kitapata jaji mpya? Hesabu viti kabla ya kupiga ramli

Aliyewahi kukaa na simu mkononi akingoja orodha ya TAMISEMI ya kupangiwa vituo anaijua homa hii. Tetesi zikianza tu kwamba SSA, idara ya Hifadhi ya Jamii ya Marekani, itaajiri majaji wapya, mawakili hugeuka waganga. Huyu anaiona Dallas, yule anaapa ni Columbus, mwingine ameshaanza kuulizia nyumba Seattle. Wengi hukosea kwa sababu moja: wanatafuta mahali penye foleni ndefu ya mashauri, wakati cha kutafuta ni kiti kitakachobaki bila mtu baada ya majaji waliomo kazini kumaliza kuhamahama.

Tuelewane kwanza ni jaji gani. Hawa ni majaji wa utawala, wanaojulikana kwa herufi ALJ. Wapo katika idara kadhaa za serikali kuu, ikiwemo ya Kazi na ile inayosikiliza rufaa za Medicare, bima ya afya ya wazee, lakini SSA ndiyo mwajiri wao mkubwa kwa mbali. Mtu akinyimwa mafao ya ulemavu huomba kwanza afikiriwe upya. Akinyimwa tena, ana siku 60 za kuomba asikilizwe na jaji huyu. Jaji wa uhamiaji, yule anayeamua nani afukuzwe nchini, ni mwingine kabisa. Yuko chini ya Wizara ya Sheria na ajira zake hutangazwa kwa njia nyingine, kwa hiyo usichanganye tetesi za huku na za kule.

Habari hii inawagusa Waswahili wa aina mbili. Yupo wakili aliyekwisha pata uraia na leseni, amechoka kufukuzana na wateja, anataka mshahara wa serikali. Na yupo Mkongomani wa Lexington au Grand Rapids anayengoja kusikilizwa, na mkalimani wa Kiswahili atapewa bure akiomba. Kwake yeye ni mgeni njoo, mwenyeji apone: kiti kikijazwa, foleni yake inasogea.

Tuanze na hesabu. Ofisi za usikilizaji za SSA ni takriban 160, na idara huchapisha bure takwimu za kila ofisi: mashauri yanayosubiri, wastani wa muda wa kungoja, na maamuzi ya kila jaji kwa jina lake. Chukua mashauri yanayosubiri, gawa kwa majaji wanaofanya kazi kweli. Tuseme ofisi ina mashauri 3,600 na majaji 6. Hiyo ni 600 kwa kila mmoja. Mwaka 2007 makao makuu yaliwaomba majaji watoe maamuzi 500 hadi 700 kwa mwaka, na kipimo hicho ndicho kilichobaki vichwani mwa watu. Basi 600 ni kazi ya mwaka mmoja hivi. Ofisi hiyo haina njaa. Ikifika 900 kwa kila jaji, na mwezi unaofuata ikapanda tena, na unaofuata tena, hapo ndipo pa kuweka alama.

Ugumu uko kwenye hao “wanaofanya kazi kweli”. Orodha ya maamuzi hujumlishwa tangu mwaka wa takwimu hizo unapoanza, mwishoni mwa Septemba. Jaji aliyestaafu Januari jina lake huendelea kuonekana humo hadi mwaka uishe, na anayesoma toleo moja tu atamhesabu kama yupo. Pakua toleo la Machi na la Aprili, yaweke kando kwa kando. Ambaye namba yake haijasogea ameondoka, au anaumwa, au yuko likizo ndefu; mpe miezi mitatu kabla ya kumfuta. Jina moja likitokea katika ofisi mbili, mwenyewe amehama au anasaidia mashauri ya wenzake. Namba ndogo inayopanda taratibu kila mwezi ni ya mgeni anayejifunza kazi, na ofisi yenye wageni watatu wa namna hiyo imeshakula zamu yake. Jaji mkuu wa ofisi naye huonekana mvivu kwenye orodha kwa sababu muda wake unaliwa na utawala. Mhesabu nusu.

Ukishapata viti vilivyo wazi, usikimbilie kusema ndivyo vitakavyokwenda kwa wapya. Hapa ndipo ramli nyingi huvunjika. Kwa utaratibu wa miaka mingi, jaji aliyeko kazini ambaye ameomba kuhama hufikiriwa kabla ya mtu wa nje. Tuseme kiti kimebaki wazi San Diego. Jaji wa Fresno aliyekuwa akiungoja mji huo kwa miaka anahamia huko. Kiti cha Fresno kinachukuliwa na jaji wa Fargo aliyechoka na theluji. Kilichobaki kwa mgeni ni Fargo. Aliyestaafu ni wa San Diego, foleni ndefu ilikuwa San Diego, na tangazo la ajira likatokea Dakota Kaskazini. Asiyejua mnyororo huu atasema serikali haina akili.

Kwa hiyo swali lenye faida ni hili: ofisi zipi huwa mkiani? Chukua orodha za Septemba za miaka mitano, ambazo ndizo zinazofunga mwaka, ufuatilie majina. Kuna ofisi ambazo majina yake ni yale yale mwaka hadi mwaka. Watu wamefika na hawaondoki mpaka wastaafu. Hizo huwa kwenye miji ya pwani, miji yenye jua, au miji mikubwa yenye kazi kwa mwenzi wa jaji. Na kuna ofisi ambazo nusu ya majina hubadilika kila baada ya miaka michache, kisha majina hayo hayo yanaibuka kwingine. Hizo ndizo stendi za kushukia wageni. Mara nyingi utazikuta kwenye miji midogo ya Kentucky, Mississippi, milima ya Appalachia na tambarare za kaskazini. Anayetaka kuingia kazini kwa mara ya kwanza azitazame hizo kabla ya kuitazama Denver.

Puerto Rico iache kando kama Kihispania chako ni cha kuombea maji. Mashauri ya huko huendeshwa kwa lugha hiyo, na nafasi zake hutangazwa kwa sharti hilo.

Nafasi ya kukaa nayo ina sauti. Jaji hahitaji kiti tu. Anahitaji makarani wa kuandaa majalada na waandishi wa maamuzi, kwa kawaida watu wanne hadi watano kwa kila jaji. Ofisi iliyopoteza waandishi wengi ikiongezewa jaji, maamuzi yatarundikana mezani bila kuandikwa, na makao makuu wanalijua hilo. Kuhusu majengo, GSA, shirika linalosimamia majengo ya serikali kuu, huchapisha orodha ya kila pango: anwani, ukubwa, tarehe ya mkataba kwisha. Ofisi ambayo mkataba wake unakwisha karibuni inaweza kupunguzwa au kuunganishwa na jirani yake. Hata ikiwa na mashauri mengi, usiiwekee dau.

Foleni yenyewe siku hizi hudanganya kuliko zamani. Tangu 23 Novemba 2024 kanuni mpya zinahesabu simu na video ya mtandaoni kuwa njia za kawaida za kusikiliza shauri, sawa na kuonana ana kwa ana. Kabla ya hapo tayari kulikuwa na vituo vya kitaifa, cha kwanza kikiwa Falls Church, Virginia, ambavyo majaji wake husikiliza kwa video mashauri ya majimbo mengine. Maana yake, mrundikano wa Houston unaweza kumalizwa na jaji aliyekaa Albuquerque bila Houston kuongezewa kiti hata kimoja. Ukiona mashauri ya ofisi yameshuka ghafla kwa mamia ndani ya mwezi mmoja huku maamuzi ya majaji wake hayajaongezeka, jua yamehamishwa. Ofisi ya namna hiyo hutibiwa kwa kuazimwa mikono, na inaweza kukaa hivyo miaka.

Kuna wanaotumia kumbukumbu za zamani kukisia ukubwa wa ajira. Mwaka 2016 mashauri yaliyokuwa yakisubiri yalizidi milioni 1.1, na mwaka uliofuata mtu alingoja karibu siku 600. Hapo SSA iliajiri kwa mafungu makubwa. Baadaye mrundikano ulishuka hadi chini ya laki 4. Anayetarajia mafungu ya namna ile kwa foleni ya namna hii atangoja sana. Ajira huja kwa makundi, wageni wakifundishwa pamoja, kwa hiyo tetesi kwamba ofisi fulani peke yake inaletewa jaji mmoja katikati ya mwaka uzipokee kwa kijiko kidogo. Mara nyingi huyo ni wa uhamisho.

Fedha nazo zina majira yake. Mwaka wa bajeti huanza 1 Oktoba, na Bunge likishindwa kupitisha bajeti kamili, idara huendeshwa kwa fedha za muda kwa viwango vya mwaka uliopita; hapo mkuu wa idara hathubutu kufungua nafasi za kudumu za mishahara mikubwa. Na amri ya rais inaweza kuzima kila kitu kwa siku moja, kama ile ya 20 Januari 2025 iliyosimamisha ajira za serikali kuu. Mwaka huo huo SSA ilipunguza kanda zake kutoka 10 hadi 4, kwa hiyo ramani za zamani zenye kanda kumi, ambazo bado zinazungushwa, zitakupoteza.

Ushauri mwingine uliochakaa ni ule wa mtihani. Hadi Julai 2018 ilikuwa lazima kupitia OPM, ofisi kuu ya watumishi: mtihani, usaili, alama, kisha jina lako kukaa kwenye daftari. Baada ya Mahakama ya Juu kuamua shauri la Lucia, lililohusu nani mwenye mamlaka ya kuteua majaji wa aina hii, mwezi Juni mwaka ule, rais alitoa amri namba 13843 na kila idara ikaanza kuajiri majaji wake yenyewe. Sasa unasubiri tangazo la SSA kwenye tovuti ya USAJOBS na kulisoma neno kwa neno: miji iliyotajwa, uzoefu unaotakiwa, kama gharama za kuhama zinalipwa, na siku ya mwisho, kwa sababu matangazo haya yanaweza kufungwa mapema. Ukiombwa kuchagua miji, chagua ile ambayo uko tayari kweli kuhamia na familia. Kuchagua nchi nzima kisha kukataa ukipangiwa ni kujiharibia jina kwa watu wale wale utakaowaomba tena.

Kwa aliyetoka Afrika Mashariki kuna vikwazo ambavyo wenyeji hawavifikirii. Kadi ya kijani haitoshi, uraia unatakiwa. Mkenya anaweza kubaki na uraia wa Kenya tangu katiba ya 2010, ila Mtanzania mtu mzima akichukua wa Marekani anaupoteza wa nyumbani, na hilo ni la kuamua nyumbani, si siku ya usaili. Leseni ya uwakili inaweza kuwa ya jimbo lolote. Wenye shahada za sheria za Dar es Salaam au Nairobi wengi huingilia New York au California, na leseni ya New York haikuzuii kuwa jaji Kentucky.

Kisha kuna jambo linalowashtua wanaume wengi: daftari la jeshi (Selective Service), la wanaoweza kuitwa vitani. Mwanamume aliyeishi Marekani kati ya miaka 18 na 25 akiwa mkimbizi, mwenye kadi ya kijani, au hata bila makaratasi, alitakiwa kujiandikisha kabla ya kutimiza 26. Aliyekuwa na viza halali ya masomo kwa kipindi chote hicho hahusiki. Asiyejiandikisha anaweza kuzuiwa ajira ya serikali kuu mpaka aonyeshe kwamba hakukusudia, na kukusanya ushahidi huo huchukua muda. Anza sasa, tangazo likiwa bado halijatoka.

Kuhusu pesa, mgeni huanza daraja la AL-3, herufi A. Hupanda hadi B, C na D kila baada ya wiki 52, kisha E na F kila baada ya wiki 104, jumla miaka 7. Juu ya hapo kuna nyongeza ya mahali. Kwa mwaka 2025, maeneo yasiyo na jedwali lake yalipata asilimia 17.06, wakati San Francisco ilizidi asilimia 45. Ila kuna dari: mwaka huo jaji hakuweza kuvuka dola 207,500 popote alipo. Wa San Francisco huigonga dari hiyo miaka kadhaa kabla ya mwenzake wa Paducah, na baada ya hapo tofauti yao inayobaki ni kodi ya nyumba.