Daftari la Babu

Nilikwenda kwenye sebule ya paka, mahali ambapo paka wasio na kwao husubiri wa kuwachukua, na nia moja tu: nichague paka, nisaini, niondoke naye. Nilirudi nyumbani na watoto watatu wa paka ambao hawakuwa wangu, mizani ndogo ya jikoni ya kuazima, na daftari la mistari kama la mtoto wa shule.

Aliyenigeuza nia ni mama mmoja ambaye wote pale humwita Shangazi. Ndiye anayepanga zamu. Nilipomwambia sijawahi kufuga paka hata siku moja, aliniuliza swali moja: "Una chumba ambacho mlango wake unafungika?" Nikasema ninacho. "Basi, mwanangu, kabla hujachukua wa kwako, tulelee hawa kwa wiki nne. Ukishindwa piga simu, tutakuja kuwachukua. Hakuna atakayekulaumu."

Sebule yenyewe ni vyumba viwili vyenye makochi, vibao vya kukwea ukutani, na paka wasiozidi kumi. Wote wanaofanya kazi pale wanajitolea. Mgeni hulipa kiingilio, ananawa mikono, anakaa. Masharti ni machache: paka aliyelala haamshwi, habebwi, na anayekutaka atakujia mwenyewe. Kiingilio kinaishia kwenye chanjo, mchanga wa choo cha paka na deni la daktari wa mifugo. Mkahawa wa paka unaotajwa kuwa wa kwanza duniani ulifunguliwa Taipei mwaka 1998, na Wajapani ndio walioufanya mtindo huo uvume, lakini katika mikahawa mingi ya aina hiyo paka ni wakazi. Hapa wanapita. Kila anayeingia anatafutiwa kwao.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba paka hatoki mtaani akaingia sebuleni moja kwa moja. Hukaa kwanza pembeni kama wiki mbili, maana ugonjwa kama panleukopenia unaweza kufagia chumba kizima cha watoto kabla hujajua umeletwa na nani. Anapewa dawa ya minyoo na viroboto, anachanjwa, anapimwa damu, anahasiwa. Watoto wa chini ya wiki nane hawaingii kabisa. Muda wote huo lazima wawe kwa mtu, na mtu huyo ndiye mlezi wa muda. Bila walezi, sebule ingekuwa makochi tu.

Watoto wangu walikuwa na wiki nne. Wawili niliwaita Moja na Mbili kwa kukosa ubunifu. Wa tatu, jike mdogo mwenye doa jeusi puani, akawa Nukta.

Kazi ilianza na namba. Kila asubuhi kabla ya chakula, kila mmoja juu ya mizani, na mimi naandika kwenye daftari. Mtoto wa paka mwenye afya huongezeka gramu 10 hadi 15 kwa siku. Mwanzoni niliona ni usumbufu. Anaruka, anamng'ata mwenzake mkia, kuna haja gani ya kumpima? Lakini Nukta alikuwa akiruka hivyo hivyo huku namba zake zimesimama: 381, 383, 380. Macho yangu hayakuona kitu. Mizani iliona.

Usiku wa tatu nilimhurumia nikampa maziwa ya ng'ombe. Najua. Lakini paka na maziwa si ndivyo tulivyochorewa tangu utotoni? Kulipokucha alikuwa anaharisha maji matupu. Nilimpigia Shangazi nikitarajia kukaripiwa, naye akaniambia tu, "Mpeleke sasa hivi, si jioni," kwa sababu kiumbe wa gramu 380 hukauka maji ndani ya saa chache. Daktari alimchoma maji chini ya ngozi ya mabega, na Nukta akarudi nyumbani na nundu kama ngamia. Akaniandikia maziwa ya unga ya watoto wa paka, nimpe akiwa amelala kifudifudi, kamwe si chali kama mtoto wa binadamu, maana maziwa yanaweza kwenda mapafuni. Baada ya siku mbili mizani ilisoma 394. Sijawahi kufurahia gramu kumi na nne namna ile.

Kazi nyingine ilikuwa ya raha. Kati ya wiki ya pili na ya saba ndipo mtoto wa paka anapojifunza nani wa kuogopa na nani wa kuzoea, na dirisha hilo likishafungwa kulifungua ni kazi ya miezi. Kwa hiyo niliwaalika marafiki waje wakae sakafuni. Wanene kwa wembamba, wenye sauti nzito, wenye watoto. Tuliwashika nyayo na masikio ili daktari asiwe mtu wa kwanza kufanya hivyo. Niliangusha sufuria makusudi, mara ya kwanza chumba cha pili, kesho yake karibu zaidi.

Walipofika kilo moja walihasiwa, wakaenda sebuleni, na hawakukaa wiki. Nilimtaka Nukta. Shangazi akakataa. Watoto hawatoki mmoja mmoja, akasema, labda kama nyumbani kuna paka mwingine kijana. Mtoto aliye peke yake hana wa kumfundisha kwamba kung'ata kunauma, atajifunzia mikononi mwako. Wawili nisingewamudu. Nukta akaondoka na Mbili. Nililia chooni, nikatoka, nikaulizwa kama nina nafasi ya paka mmoja mzima.

Huyo ndiye Babu.

Alikuwa dume aliyekaa mtaani miaka, mwenye mashavu mapana kama ya mtu aliyejaza chakula mdomoni. Dume asipohasiwa mapema hupata uso huo. Sikio moja limechanika, jino moja la mbele halipo. Kipimo chake cha damu kilionyesha virusi vya FIV, ambavyo watu huviita ukimwi wa paka, na jina hilo peke yake linatosha kuwafukuza wageni mlangoni. Ukweli ni kwamba havimpati binadamu, vinaenezwa zaidi na vidonda vya kung'atana paka kwa paka, na paka mwenye navyo anaweza kuishi miaka mingi akitunzwa ndani na kuwahishwa kwa daktari. Lakini jaribu kumweleza hayo mtu ambaye tayari ameshika mkono wa mwanawe na kurudi nyuma.

Babu aliingia chini ya kitanda saa ile ile niliyofungua kizimba. Sikumwona tena. Nililala chini, nikamulika tochi, nikaona macho mawili na kusikia mfoko kama wa nyoka. Siku ya kwanza hakula. Hilo lilinitisha kuliko mfoko, kwa sababu paka akikaa siku mbili tatu bila chakula mafuta huanza kulijaa ini, na hapo si woga tena, ni ugonjwa. Nilipasha moto kidogo chakula cha kopo ili harufu ipande, nikakisukuma chini ya kitanda, nikazima taa, nikaondoka. Usiku wa pili sahani ilikuwa safi.

Kuanzia hapo nilifanya kitu ambacho ni kigumu kuliko kinavyosikika: sikufanya kitu. Niliweka boksi lenye tundu mbili, ili awe na pa kujificha penye njia ya kutokea. Nilikaa sakafuni nimempa mgongo, nikisoma kwa sauti chochote kilichokuwapo, hata maelezo ya dawa ya viroboto. Kila siku sahani ilisogea upana wa kiganja kuelekea kwangu. Macho yetu yakikutana nilifumba yangu taratibu na kuyafumbua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walichapisha mwaka 2020 kwamba paka huelekea zaidi kumsogelea mtu anayewafumbia macho hivyo, na wao hujibu. Mimi nilijisikia mjinga. Siku ya tisa Babu alinijibu, jicho moja kwanza, kama mzee anayekubali jambo bila kutaka kushuhudiwa. Siku ya kumi na nne alikisugua kichwa chake kwenye goti langu, kisha akashtukia alichofanya, akarudi chini ya kitanda.

Sasa nije kwenye kosa langu.

Kila paka hutoka na daftari lake, na mchukuaji hulisoma kabla ya kusaini. Nilipoona wiki zinapita, kila mgeni anauliza watoto wadogo wako wapi, niliandika ukurasa wa mbele wa Babu kama mtu anayemtafutia ndugu yake mchumba: "Mpole, mtulivu, anapenda watu." Sikuandika kitanda. Sikuandika siku kumi na nne. Nilijiambia si uongo, ni ufupisho tu.

Alichukuliwa na familia nzuri, kwa kweli nzuri, iliyomfungulia kizimba katikati ya sebule yao na kumzunguka wote kumkaribisha. Babu alikimbilia nyuma ya friji. Siku ya nne walimrudisha, mama wa nyumba anatokwa na machozi, akiamini paka amewachukia. "Tuliambiwa anapenda watu," alisema. Alikuwa akimwambia Shangazi, lakini mimi nilikuwa pale pale nazoa mchanga wa choo, na sikuthubutu kuinua uso.

Shangazi hakusema kitu mpaka tulipofunga. Kisha akaniwekea daftari mezani. "Andika upya. Mwandikie mtu atakayekuwa naye saa nane usiku, si mtu aliyesimama hapa mchana."

Nilikaa nalo jioni mbili. Niliandika kwamba atajificha, kwamba apewe chumba kimoja kwanza na si nyumba nzima, na kwamba kwa kawaida siku tatu za mwanzo ni za hofu tupu, wiki tatu ni za kuzoea, miezi mitatu ndipo paka anajiona yuko kwake. Babu aongezewe juu ya hapo. Nikataja FIV kwa jina lake na maana yake. Asiwekwe na paka mgomvi. Asivutwe kutoka alipojificha, hata kwa mapenzi. Nikaandika pia kwamba akisikia maelezo ya dawa ya viroboto yakisomwa hutoka nje, na hilo lilikuwa kweli.

Ilichukua karibu miezi miwili. Aliyekuja ni mwanamume wa makamo aliyekuwa ameshawasalimu paka wote na hakuna aliyemvutia. Alichukua daftari, akakaa chini, akalisoma lote, mpaka kurasa za uzito. Kisha akageuka akampa boksi la Babu mgongo, akaanza kusoma kwa sauti masharti ya sebule yaliyobandikwa ukutani. Shangazi alinibana kiwiko. Hakuna aliyetoka kwenye boksi siku hiyo. Mtu huyo alirudi mara nne. Mara ya tano alikuja na kizimba, na fomu ikamuuliza kama inavyowauliza wote: nyumba ina wavu madirishani, mwenye nyumba anaruhusu, kuna mayungiyungi (maua ya lily) kwenye vyombo vya maua, maana hata chavua yake inaua figo za paka. Akaweka sahihi kwenye kifungu ninachokipenda kuliko vyote, kwamba akishindwa, wakati wowote, hata baada ya miaka, paka anarudi kwetu na si kwingine.

Alituma picha mwezi wa tatu tangu amchukue. Friji, na sikio lililochanika likichungulia juu yake. Juu, si nyuma.

Na mimi je, paka niliyeendea? Nilimchukua mwaka uliofuata, na nilijaza fomu kama mtu yeyote, Shangazi akiniuliza habari za wavu kana kwamba hajawahi kunywa chai kwangu. Ni jike wa miaka sita, kijivu. Daftari lake lilikuwa na mwandiko wa mlezi ambaye sijawahi kukutana naye, na nilijikuta nalisoma kama barua. "Tumboni usimguse, atakuacha uguse mara moja ili akufundishe." Kweli. "Anakunywa maji ya bomba tu." Kweli. Ukurasa wa tano, chini kabisa, kwa herufi kubwa na mstari chini yake: "Saa kumi alfajiri ataimba mlangoni. Usiamke. Ukiamka mara moja, umekwisha."

Niliamka siku ya tatu.