Usianze na Jina: Kufuatilia Ukoo wa Timu za Ligi Ndogo Marekani

Anayetaka kuandika historia ya timu ya ligi ndogo ya Marekani (ligi iliyo chini ya ligi kuu), ya besiboli au ya soka, huanza na jina, na hapo ndipo anapopotea. Timu ikihama, jina mara nyingi hubaki mjini, na miaka kadhaa baadaye watu wengine kabisa hulifufua. Kinachouzwa na kuhamishwa ni leseni ya kucheza ligi. Chora safu tatu, leseni, uwanja na jina, kwa mpangilio huo, na ujaze msimu kwa msimu.

Portland Beavers, timu ya besiboli, ni mfano mzuri. Jina hilo limebebwa na leseni zisizopungua tatu. Moja iliondoka baada ya msimu wa 1972 kwenda Spokane. Nyingine ilikuwepo tangu 1978 hadi 1993, ikahamia Salt Lake City. Iliyokuja 2001 ilitoka Albuquerque, ambako ilikuwa ikiitwa Dukes tangu 1972. Kabla ya hapo ilikuwa Spokane, na hadi 1957 ilikuwa Los Angeles Angels wa Pacific Coast League, ligi ndogo ya pwani ya magharibi. Iliondoka Los Angeles kwa sababu Dodgers, timu ya ligi kuu, walihamia huko kutoka Brooklyn 1958, na timu ndogo haikai mji mmoja na ya ligi kuu bila ridhaa yake. Kwa hiyo ukijumlisha mataji yote ya “Beavers” kwenye orodha moja, umechanganya koo tofauti.

Leseni hiyo iliyokuja 2001 iliondolewa Portland na soka. Timbers, timu ya soka ya Portland, walikuwa wanapanda MLS, ligi kuu ya soka, 2011, uwanja waliokuwa wakichangia ukageuzwa wa soka pekee, na Beavers wakakosa pa kucheza. Wakaenda Tucson, kisha 2014 wakawa El Paso Chihuahuas. Timbers nao si timu moja mfululizo: jina ni la 1975, likapotea, likafufuliwa zaidi ya mara moja.

El Paso mambo yamegeuka: tangu 2019 timu ya soka, Locomotive, ni mgeni kwenye uwanja wa besiboli. Kwa mafundi wa nyasi hiyo ni kazi ngumu. Kilima cha mrushaji kina kimo cha sentimita 25 na upana wa mita 5.5, lazima kisawazishwe, kisha udongo wa eneo la ndani ufunikwe kwa mikeka ya nyasi. Mizizi isiposhika, viungo vya mikeka hufunguka mchezaji anapogeuka ghafla. Ukiona picha ya zamani yenye nusu duara ya rangi tofauti uwanjani, umeshajua kuwa besiboli ndiyo ilikuwa mwenye nyumba.

Mtego wa pili ni madaraja. Kwenye besiboli, AAA, daraja la juu kabisa la ligi ndogo, ilianza 1946; kabla ya hapo AA ndiyo ilikuwa kileleni. Mwaka 1963 madaraja B, C na D yalifutwa na ligi zake nyingi zikaitwa A, hivyo A ya 1935 na A ya 1965 si kitu kimoja. Majina ya ligi pia huteleza: 2021, ligi kuu ya besiboli ilipopunguza timu ndogo zinazoshirikiana na timu zake kutoka 160 hadi 120, majina ya kihistoria yaliwekwa kando, yakarudishwa 2022.

Kwenye soka hakuna kupanda wala kushuka kwa matokeo. Shirikisho la soka la Marekani huidhinisha ligi nzima katika daraja fulani, na klabu hupanda kwa kununua nafasi. Mwaka 2010 mgogoro kati ya ligi mbili, USL na NASL, ulilifanya shirikisho lenyewe kuendesha daraja la pili kwa msimu mmoja. Ukiona ligi ya daraja hilo msimu huo haiitwi USL wala NASL, hujakosea. Ndiyo maana kwa klabu ndogo mimi huamini zaidi rekodi za U.S. Open Cup, kombe la taifa la soka, ambako klabu za madaraja tofauti hukutana uwanjani. Rochester Raging Rhinos walilitwaa 1999 kwa kuwafunga Colorado Rapids wa MLS 2-0, na tangu MLS ianze 1996 hakuna klabu nyingine ya nje yake iliyofanikiwa.