Sili imetoka tena

Mi nadhani "feki" ndo jibu linalotolewa kirahisi kuliko yote kwenye gereji za hapa Dar. Kitu chochote cha mpira kikifa kwenye injini, fundi hajainama hata kuangalia, anakwambia kaka hiyo ni feki, nenda Kariakoo katafute orijino. Unaenda, unatoa hela ya maana, unarudi, inafungwa, baada ya wiki chache oili ile ile, sehemu ile ile.

Pikipiki yenyewe ni ya porini, 250 stroki nne ya kabureta, nilinunua kwa mtu ikiwa imeshatembea sana. Siendi nayo kazini, hii ni ya kwenda kuchafuka tu, Kimbiji na Pemba Mnazi huko, au Kisarawe mvua zikikolea. Inaenda vizuri, haina shida ya nguvu wala ya kuwaka, shida yake ni moja tu, inakula mipira. Mkubwa wa matatizo ni sili, yani mpira wa duara unaozuia oili isitoke, ya shafti ya sproketi ndogo inayovuta cheni pale mbele, ikianza kuvujisha cheni inarusha oili mpaka rimu ya nyuma na tairi, na ukikata kona na tairi lina oili unajua mwenyewe. Afu kuna mpira unaoshika kabureta na injini, unapasuka. Afu oringi, kale kampira kembamba ka duara, ya bakuli la kabureta. Yani ukimaliza huku panaanza kule.

Safari hii nikampelekea mzee mmoja Temeke ambaye watu walinisifia, na kitu cha kwanza alichouliza siyo bei wala modeli. "Ya zamani iko wapi?" Bahati nzuri zote zilikuwa kwenye mfuko wa rambo, mi nina tabia ya kutotupa vyuma. Akazimwaga kwenye gunia, akachukua moja akaipinda kwa kidole gumba karibu na jicho.

Alichonionyesha pale sikuwahi kuonyeshwa na mtu. Sili iliyokufa kwa joto au uzee inakuwa ngumu, ukiipinda ule mdomo wake wa ndani unakatika vipande kama biskuti. Iliyolowekwa kwenye kimiminika kisichoifaa inavimba na kulegea. Iliyofungwa vibaya utaona mdomo umekatwa sehemu moja, au ile springi nyembamba inayozunguka kwa ndani imeruka wakati inagongwa na nyundo. Sasa za kwangu zilikuwa laini, nzima, springi ipo, mdomo hauna hata mkwaruzo. "Hizi hazijafa mwanangu, hizi zimesukumwa."

Akavuta mpira wa pumzi, ule unaotoka juu ya injini na kushuka nyuma ukiwa wazi, akaweka mdomoni akapuliza. Mashavu yakajaa, hewa haikupita. Tukauchokonoa kwa waya wa spoku, likatoka tope jeusi lililochanganyika na oili, na nyuma yake udongo mkavu mgumu, nyumba ya dondola kabisa! Pikipiki ikikaa bandani bila kutembea ndo mambo yake.

Nikarudi nyumbani nikaanza kupiga hesabu na kila kitu kikakaa sawa. Pistoni ikishuka inasukuma hewa iliyo chini yake, kwa injini ya 250 ni kama robo lita, na injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika hiyo ni mara 100 kila sekunde, bado hujaweka moshi kidogo unaopenya pembeni ya ringi za pistoni. Ule mgandamizo lazima utoke, mlango ukizibwa unatafuta mpira ulio dhaifu kuliko wote. Hapo hata ungeniletea sili ya dhahabu ingetoka tu.

Siyo kwamba ubora hauna maana. Mpira mweusi wa kawaida, naitraili, unaanza kuteseka joto likipita nyuzi 100 na kitu kwa muda mrefu, wakati aina nyingine ya mpira, Viton, inavumilia mpaka karibu 200. Hiyo mara nyingi inakuja ya kahawia, ila rangi isikudanganye, mtu anaweza kutia rangi anayotaka. Mi nachosema ni kwamba ubora ni swali la pili.

Turudi kwa mzee, akanipitishia kucha kwenye bushi, yani kile kibomba cha chuma kinachovaa kwenye shafti, nikasikia kamfereji kembamba ambako sili za zamani zimekuwa zikisugua. Akafunga mpya ikiwa imejitokeza nje kidogo, kama milimita moja, ili mdomo ukae sehemu ambayo haijalika, na aliisukuma polepole na soketi pana, nyundo hakuigusa. Ile oringi ya kabureta wala hakutaka ninunue. Ilikuwa imevimba kwa kuogeshwa petroli kila kabureta inaposafishwa, akaiacha nje ikauke na kesho yake ikaingia kwenye njia yake bila kulazimisha. Mpira wa kabureta ndo huo kweli umekwisha, pikipiki ikiwa silensa, inawaka tu bila kuvuta mafuta, mzunguko wa injini unapanda wenyewe maana inavuta hewa kwenye ufa, huo nimenunua.

Tangu pumzi izibuliwe sili iko kavu, nimeshapiga Kimbiji kwenda na kurudi na rimu safi. Kilichobaki ni oringi ya ndani ya ile bushi, oili inaweza kupita kati ya bushi na shafti ukadhani ni sili, na niliyouziwa Gerezani ni nene haiingii. Kesho nikitoka job napita tena, safari hii na vernia, kile kipimo cha milimita, mfukoni, nshachoka mtu kunipimia oringi kwa macho.