Modeli Isiyofungwa Ndani ya Programu Moja

Miaka kadhaa iliyopita nilitumia karibu majuma mawili kunakili milinganyo ya modeli ya seli kutoka kwenye makala ya kisayansi, na grafu niliyoipata haikufanana hata kidogo na ile iliyochapishwa. Hatimaye niligundua kwamba kigezo kimoja cha kasi kilikuwa kimeandikwa kwa dakika, ilhali vingine vyote vilikuwa kwa sekunde. Tangu hapo ninazithamini mno lugha za alama zinazotumika kuelezea modeli za kompyuta.

Ninayoitumia zaidi ni SBML, lugha ya kuelezea modeli za kibiolojia, ambayo ilianza kutolewa mwaka 2001 na imejengwa juu ya XML, muundo wa kupanga data kwa vitambulisho ndani ya faili la maandishi. Ndani ya faili yake hamna maagizo ya kukokotoa hatua kwa hatua. Kilichomo ni maelezo ya mfumo wenyewe, yaani sehemu za seli na ujazo wake, kemikali na kiasi chake cha mwanzo, mimenyuko inayozibadilisha, na kanuni ya kasi ya kila mmenyuko, iliyoandikwa kwa MathML, lugha ya alama ya kuandikia hesabu. Vizio vya vipimo navyo vimetengewa mahali pake, kwa hiyo mkanganyiko kama ule ulionisumbua unaweza kunaswa na programu ya ukaguzi. Ukokotoaji huachiwa programu yoyote inayoielewa lugha hiyo, kwa mfano COPASI.

Modeli ya watafiti Elowitz na Leibler ya mwaka 2000, yenye jeni tatu ndani ya bakteria E. coli, kila moja ikiizuia inayofuata hadi protini zikawa zinapanda na kushuka kwa zamu, imehifadhiwa kwa SBML katika BioModels, hazina ya mtandaoni ya modeli, na mwanafunzi yeyote anaweza kuipakua bila malipo.

Mwaka 2021 watafiti wa hazina hiyo walichapisha matokeo ya kujaribu kurudia modeli 455 kutoka majarida mbalimbali. Takriban nusu hazikurudiwa kwa kufuata maelezo ya makala peke yake, mara nyingi kwa sababu thamani fulani hazikutajwa. Takwimu hiyo ilinihuzunisha, lakini haikunishangaza.

Hata hivyo, SBML haisemi jaribio liendeshwe kwa muda gani, kwa mbinu ipi ya ukokotoaji, wala ni grafu ipi ichorwe. Hayo huelezwa kwa lugha nyingine, SED-ML, nayo ni XML vilevile, na siku hizi kila ninapotuma modeli kwa mwenzangu ninaziambatanisha faili zote mbili.