Kiwanja tumenunua, nyumba tumepewa bure

Jumapili ya tatu tangu tuhamie Kijitonyama, hapa Dar es Salaam, na ndiyo kwanza napata mahali pa kukaa nikaandika. Nimekaa jikoni, juu ya ndoo ya rangi niliyoigeuza, maana makochi hayakupita mlangoni.

Dalali alitupa hukumu siku ya kwanza, helmeti ya bodaboda ikiwa bado kichwani: "Dada, hapa mnalipia kiwanja. Hiyo nyumba hesabuni mmepewa bure." Alisema kama muuza nyanya anayekuongezea mbili juu ya fungu. Waliokuja baada yake wote wameimba wimbo huohuo. Wifi yangu mkubwa alizunguka nyumba nzima kabla sijamaliza kufunga geti, akauliza, "Sasa wifi, mnabomoa lini?"

Ni vyumba viwili, sebule, jiko na choo kimoja. Kwa hela ileile (sitaji kiasi, nina mawifi watatu) Madale tungepata vyumba vinne, viwili masta, na uwanja wa kuegesha magari ambayo hatuna. Ile ya Madale tulikwenda kuiona. Nzuri, siidanganyi nafsi yangu. Jipsamu ya sebuleni ina taa za rangi kama ukumbi wa harusi. Tukasema tuijaribu safari. Jumatatu moja tukaenda huko kabla ya alfajiri, tukageuza gari saa kumi na mbili, tukarudi mjini kama watu wanaokwenda kazini. Tunafika Mwenge, mtoto mkubwa ameshachelewa namba shuleni, mdogo ametapika. Baba watoto hakusema neno. Jioni akampigia dalali wa Kijitonyama.

Nyumba yenyewe ilijengwa na marehemu mume wa mama aliyetuuzia. Kiwanja alikipata kwenye ule mradi wa miaka ya 1970, Serikali ilipopima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni kwa fedha za Benki ya Dunia, ikachonga barabara, ikavuta maji, halafu kila mtu akaambiwa ajenge kwa nguvu zake. Mzee alianza na mkopo wa Benki ya Nyumba, akamalizia kwa mshahara. Unauona mshahara wake ukutani: sebule ni ya mkopo, imenyooka, jiko ni la baadaye, liko chini kwa ngazi moja, na kila mgeni hujikwaa hapo. Sakafu ni ile ya sementi nyekundu. Nimeipiga nta mara moja tu, watoto wanateleza na soksi tangu juzi.

Karatasi ndizo zilizotuzeesha. Hati ilikuwa bado kwa jina la marehemu, na wakili wetu alitukataza kutoa hata shilingi mpaka aone uteuzi wa msimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, saini za watoto wote, na majibu ya upekuzi wa hati kule ardhi. Mtoto mmoja yuko ng'ambo, mwingine alikuwa hasemi na wenzake. Miezi mitano. Nilimchukia yule wakili kiasi cha kukata simu zake. Leo ningemchinjia jogoo. Tukalipa na ushuru wa stempu, tukakabidhiwa funguo, tukanunua umeme wa elfu kumi. LUKU ikakata kwanza kodi ya majengo ya miezi yote nyumba ilipokuwa imefungwa, ikatuachia uniti za kuchemshia chai.

Kitanda cha sita kwa sita kiliingia chumbani, kisha mlango ukagoma kufunga. Kimekwenda kwa fundi kupunguzwa.

Sasa choo. Alhamisi kilianza kurudisha maji. Fundi akafungua chemba, akasema shimo limejaa, litafutwe. Litafutwe wapi? Uwani kote kumetandikwa tofali za pevingi, mfuniko wa shimo hauonekani popote. Nikampigia mama aliyetuuzia, siku hizi yuko Korogwe kwa binti yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nyumba haijambo?"

Ni mtu wa kwanza kuniuliza hivyo. Nikamwambia haijambo, ila choo ndicho kinaumwa.

Akacheka. "Upe mgongo mlango wa jikoni. Hatua kumi na moja kuelekea mwarobaini. Nilizihesabu mwenyewe gari la majitaka lilipokuja mara ya mwisho."

Baba watoto akahesabu, ya kumi na moja ikamkutanisha na ukuta wa jirani. Fundi naye akahesabu zake, akarudi nyuma kidogo, akafumua tofali nane. Mchanga mtupu. Akaanza kusema mambo ya kuchimba shimo jipya, na bei yake.

Ndipo nikamkumbuka mama siku ya kukabidhiana funguo, alivyokuwa akitembea uwanja huu, mkono mmoja ukutani, goti la kulia halikunji. Zile hatua zake si za kwetu sisi. Nikashika ukuta. Nikaburuta mguu. Moja, mbili, mwanangu mdogo akicheka dirishani akidhani naigiza mchezo. Ya kumi na moja sikuwa hata nusu ya njia kufika mwarobaini.

"Chimba hapa," nikamwambia fundi.

Tofali mbili, mchanga kiganja kimoja, sururu ikalia ngo! Mfuniko wa zege. Fundi akaupangusa kwa ufagio, na pale juu zikatokea nyayo za kuku, nne, zimekatiza kona, za siku zege lilipokuwa bichi.

Nikampigia mama kumwambia limepatikana.

"Umeziona nyayo?"

"Nimeziona, mama."

"Yule kuku! Baba yao alimchinja jioni ileile."

Gari la majitaka linakuja kesho saa tatu.