Besi Iliyokoroma, Kumbe Betri
Gitaa langu la besi, lenye saketi ya kukuza sauti inayotumia betri ya volti 9, lilianza kukoroma kila nilipoupiga kwa nguvu uzi mnene, nami kwa haraka nikailaumu spika. Waya mpya wa kuunganisha gitaa na spika haukusaidia. Nilipofungua kifuniko cha nyuma na kuipima betri, kipimo kilisoma volti 6.4 tu. Kosa lilikuwa langu: katika magitaa mengi ya aina hii, kuchomeka waya ndiko kunakowasha saketi, hata sauti ikiwa imepunguzwa hadi mwisho, na mimi nilikuwa nikiuacha umechomekwa usiku kucha. Niliweka betri mpya ya alkali, nikahakikisha vishikizo vyake vimekaza, na mkoromo ukakoma papo hapo. Sasa huuchomoa waya kila nimalizapo kupiga.